Shauri la Siku Mbili

Sisi tuliokulia Wabera kabla bodaboda hazijajaa mjini Isiolo tulikuwa na masikio makubwa. Ungecheza huko nje, vumbi limekujaa mpaka kwenye kope, na bado ungejua nyumba gani kuna maneno na maneno yenyewe ni ya nini. Leo nina simu inayojua kila kitu, na mimi sijui kitu. Jumamosi gari linakuja kumchukua mama yangu limpeleke Nairobi akaishi kwa kaka yangu Abdi, na ndugu zangu wote wananiambia tulishauriana. Lini? Wapi? Nani alipika chai? Wallahi nimechanganyikiwa.

Kwetu, shauri lilianza na harufu. Mama alikuwa akitoa nyirinyiri kwenye kopo lake, ile nyama iliyokaushwa ikakaangwa kwa samli, anaipasha moto, na chai ya maziwa ya ngamia inachemka na iliki. Hapo sisi watoto tulijua baba amerudi na lori lake kutoka Moyale na kuna jambo zito. Babu aliletwa huku na mkoloni akiwa askari, akabaki, na nadhani ndiye aliyemwachia baba ule utaratibu wake. Shauri lilikuwa la siku mbili. Siku ya kwanza kila mtu anasema lake kwa adabu na hakuna kumjibu mwenzake. Ukijibu, baba anakutazama tu, na wewe mwenyewe utatafuta pa kuangalia. Siku ya pili, baada ya Alasiri, ndiyo ya kukata maneno. Kila mtu anaulizwa tena, kwa jina, hata kama jana alisema mpaka akakauka koo.

"Maneno ya jana yamelala," baba alikuwa akisema. "Haya, tuone yameamka na sura gani."

Na lazima awepo mtu asiye wa damu yetu. Huyo alikuwa Mama Kendi, jirani yetu Mmeru, muuza sukuma wiki, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili. Alikaa kwenye mkeka wetu kama shangazi mwingine. Watu wakimuuliza baba sababu, jibu lilikuwa fupi: "Shauri la damu tupu ni njama."

Lakini msidhani sisi watoto tulielewa. Mama akisema "nakushauri uache huo mchezo", huo haukuwa ushauri hata kidogo, kandambili ilikuwa tayari iko njiani. Chifu akiita baraza, wazee walikaa juani wakimsikiliza yeye peke yake, kisha anawashukuru kwa majadiliano mazuri. Na shuleni Ijumaa tulikuwa na mjadala. Huko unapewa upande, uupende usiupende, na ukiutetea vizuri unapigiwa makofi. Mimi nilipenda sana upande wa kupinga. Sasa mtoto wa darasa la nane ayatofautishe vipi hayo yote?

Basi nikapata nafasi shule ya bweni, Meru. Nyirinyiri ikapashwa. Siku ya kwanza Eddo, yaani shangazi yetu Saadia, akasema msichana wa Kiislamu aende kwa watu ale nini na aswali wapi. Wengine wakasema yao. Halafu Mama Kendi akauliza, "Na mwenyewe, mmemuuliza?"

Baba akanigeukia. Nikasimama wima, mikono nyuma, kama nilivyofundishwa.

"Bwana Spika," nikamwambia baba yangu mzazi, "napinga hoja hii vikali!"

Nikamwaga hoja. Meru kuna baridi inayoua. Mama atabaki na kazi peke yake. Msichana akisoma sana atachagua waume mpaka azeeke. Hiyo ya mwisho niliiokota hapohapo, na Eddo akapiga kigelegele. Nikakaa chini nikingoja makofi. Nilidhani ukiongea vizuri ndiyo unapewa unachotaka, na ninachotaka kila mtu anakijua, si ni shule?

Jikoni mama akaniuliza taratibu, "Kwa hivyo hutaki kusoma?"

"Nataka! Nataka sana!"

"Sasa pale ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa najadili, mama."

Mama alishika mdomo. Mimi nilianza kulia na sikunyamaza mpaka usingizi ukanichukua. Kesho yake baba akauliza, "Fardosa, maneno yako yameamkaje?" Nikasema nataka kwenda. Niliyasema kwa makamasi, bila Bwana Spika. Nikaenda Meru, na Eddo mwenyewe akanifungia tende za safari.

Ndiyo maana Abdi alipoandika juzi asubuhi kwenye kundi la familia, "Jamani tushauriane, mama ahamie kwangu, magoti yanamsumbua na hospitali huku ziko karibu," mimi nilijibu kwa adabu: "Wazo zuri kaka, Mungu akujaze." Si ni siku ya kwanza? Nikaweka simu chini, nikafikiri usiku nitalilaza neno na kesho nitasema ninachoogopa. Kabla ya Adhuhuri mtoto wa Abdi akaandika kwamba imepita, na gari limepatikana.

Nikampigia yule kijana. "Auntie, si ulikubali?" akaniambia. "Watu walivote, ikapita, story imeisha." Watoto hawa chapati wanaingoja ikandwe, ilale, igeuzwe, lakini bibi yao wanamkata mbichi.

Nikampigia Abdi. "Wewe mwenyewe ulisema wazo zuri," akasema.

"Nilisema la siku ya kwanza!"

"Siku ya kwanza ya nini, Fardosa? Baba alikufa zamani."

Iliniuma. Abdi alikuwepo kwenye mkeka uleule. Na kinachonichanganya zaidi ni kwamba huenda ana haki. Magoti ya mama ni mabaya kweli, na Abdi anampenda. Pengine hata tungekaa siku mbili angeenda tu. Sijui. Najua tu kwamba enzi zile nyumba nzima ilikaa siku mbili kwa sababu ya mtoto anayevuka kwenda Meru, ikaita na mtu wa nje aje asikie, na leo mama mzima anahamishwa kabla ya sufuria ya mchana kuteremshwa.

Jana nikaenda kumwona. Alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye leso.

"Nimeambiwa mmeshauriana," akasema. Hakuwa na hasira. Nilimuuliza yeye anataka nini, akaninyooshea kikombe cha chai. Halafu akaniuliza, "Huko kwa Abdi, jirani yangu ni nani?"

Nikatoa simu, nikaliandika swali lake kwenye kundi kama alivyolisema. Wote wamelisoma. Mpaka sasa hakuna aliyejibu.