Mshubiri Uliokatwa Shingo

Pwata. Hata leo fundi cherehani akisimulia, huanza na sauti hiyo: jani zito la mshubiri likijiangukia kwenye sakafu ya saruji, kama kitambaa kilichorowa.

Alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali, mguu umefungwa plasta. Siku zote alizolazwa, wifi yake ndiye aliyeshika nyumba. Alipika, akafagia, na kila asubuhi akaunywesha mshubiri maji kama anayekirimu mgeni. Ili sakafu isilowe, aliuketisha na chungu chake ndani ya beseni, maji yakatuama humo. Mapenzi yakazidi, mizizi ikaoza.

Mshubiri ule marehemu mama yake fundi aliulea dirishani kwa miaka, na haukuwahi kuzaa hata kitoto kimoja pembeni. Ukifa, ndiyo basi.

"Niliona mti una kiu, wifi," alisema yule mwenzake.

"Kiu unayo wewe, ya kuhurumia watu. Niletee kisu."

Fundi akakipitisha kisu motoni, akakata shina juu ya pale palipolegea. Katikati ya mkato palikuwa na doa la kahawia. Akakata tena, doa bado. Akapanda juu zaidi, wifi kafumba macho, mpaka nyama ikatoka safi. Kilichobaki mkononi kilikuwa kichwa kitupu, hakina mguu wala unyayo.

"Haya, tukipande," wifi akasema, mkono ukielekea kwenye jagi.

"Weka jagi chini. Kidonda kibichi hakizikwi. Kikauke kwanza."

Kichwa kikalazwa kivulini, juu ya karatasi ya kukatia nguo. Jirani mmoja aliyekuja kupimwa gauni alikitupia jicho.

"Fundi, siku hizi unaanika mboga?"

"Naanika. Na wewe ukizidisha maneno nitakuanika."

Fundi akacheka, lakini jirani alipotoka alikiinua kile kichwa, akakichungulia chini, roho mkononi. Majani yalikuwa yananywea. Wifi naye alipita mbali na dirisha, kama mtu aliyefumaniwa.

Mkato ulipofunga ngozi ngumu, fundi alikichomeka kwenye kopo la maziwa lililotobolewa chini kwa msumari, ndani mchanga na changarawe, bila tone la maji. Subira huvuta heri, wanasema. Hawasemi inavyoivuta kwa kamba nyembamba.

Asubuhi moja, plasta imeshatolewa, alilishika jani na kulivuta polepole. Halikuja. Akavuta tena, na kopo zima likainuka kutoka dirishani. Fundi akazunguka chumba akichechemea, kopo linaning'inia, vigelegele vikimtoka, hata jirani akaja mbio kuuliza nani anaolewa.

"Hakuna anayeolewa. Kimeshika."

Na hakikushika tu. Majani yalinenepa, shina likajaa, na pale chini, ambapo kwa miaka yote hapakuwahi kuchomoza kitu, vitoto vikachungulia, kimoja nyuma ya kingine. Cha kwanza kilipopata mizizi yake, fundi alikitenga, akakipanda kwenye kopo jingine, akakiweka mapajani mwa wifi mbele ya wateja.

"Mimi tena? Muuaji mimi?" wifi akasema, akikirudisha.

Fundi akamfunika mikono kwa mikono yake, akainama hadi sikioni.

"Chukua," alimnong'oneza. "Usingeuozesha, nisingethubutu kuukata."