Meko kwenye Ukuta wa Marehemu Duane

Orrin Hedlund alipomwoa Arlys alijua anaoa mjane. Asichojua ni kwamba angeishi na marehemu pia.

Nyumba ilikuwa Eveleth, mji wa migodi ya chuma kaskazini mwa Minnesota, na fahari yake ilikuwa chumba cha chini, kile kilichochimbwa ardhini chini ya sebule. Mume wa kwanza, Duane Sorvari, alikikuta saruji tupu inayotoa jasho. Akakipandishia kuta, akakitia dari na zulia, akakijengea kaunta ya msonobari. Jumapili watu walipokuja kutazama mpira, kila aliyeshuka ngazi aliupapasa ukuta kama anayepapasa farasi. "Duane alikuwa na mikono, bwana," husema. Na Orrin, mwenye nyumba wa sasa, yuko pale anawagawia bia.

Aliyemchoma zaidi ni Rudy, mdogo wake Duane, ambaye hakukosa Jumapili hata moja.

"Orrin, hiyo swichi ivute juu kidogo. Duane aliifunga hivyo makusudi."

"Nina mwaka wa tatu humu, Rudy. Swichi naijua."

"Nasema tu, usije ukaivunja."

Ukimwonea wivu jirani, unaweza kungoja siku ateleze. Maiti hatelezi. Duane hakukoroma tena, hakulewa tena, hakusahau tena siku ya kuzaliwa ya mkewe. Kila majira ya baridi yakipita alizidi kuwa mwema. Orrin, aliyeendesha gari la kukwangua theluji maisha yake yote, alikuwa akirudi alfajiri na vidole vimekufa ganzi, anapita kwenye ile kaunta, na moyo unamuuma kama jino.

Chumba kile kilikuwa na kasoro moja tu: baridi. Ilipanda kutoka sakafuni hata ukivaa soksi mbili. Basi jioni moja ya vuli, wakila viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, Orrin akalitoa la moyoni.

"Nataka kuweka meko ya kuota moto kule chini. Ya kuni, ya mawe. Ukuta wa kaskazini."

Arlys aliweka uma chini.

"Weka," akasema.

Orrin hakungoja asubuhi nyingi. Alipata kibali, akapatana na mwashi, kisha akashuka na mtaimbo. Pigo la kwanza kwenye ukuta wa Duane lilikuwa tamu, na la pili tamu zaidi. Hatimaye kungekuwa na kitu ndani ya nyumba ile ambacho watu wangekipapasa na kusema Orrin.

Bodi ya jipsamu iliyofunika ukuta ilipoanguka, mtaimbo ukamponyoka. Nyuma yake mbao hazikupangwa kama mbao za ukuta wa kawaida. Katikati kulikuwa na nafasi pana, imeundwa vizuri, juu imebebwa na boriti mbili. Kwenye saruji, kwa chaki nyekundu, palichorwa duara la kupitishia bomba la moshi.

Alipanda ngazi na vumbi kichwani.

"Duane alitaka meko palepale. Ulijua?"

"Nilijua," Arlys akajibu.

"Ukaniacha nibomoe kama mjinga!"

"Uliniuliza habari za Duane? Uliniomba meko, nikakupa."

Orrin akaapa ataihamishia ukuta wa kusini. Mwashi alipomwambia bomba lingetokea chini ya dirisha la chumba chao cha kulala, akamwambia basi, haitaki tena. Akanuna. Shimo likabaki wazi, na Jumapili ilipofika Rudy akasimama mbele yake akicheka mpaka machozi.

"Duane, Duane! Hata kaburini anakutangulia!" Kisha akageuka. "Lakini ngoja. Nani kakuruhusu?"

"Arlys."

"Shemeji? Acha uongo. Kaka yangu alimbembeleza miaka, akaunda na fremu akidhani ataona aibu kumkatalia. Shemeji akamwambia siku moto ukiwashwa humu, yeye anatoka. Duane akaziba. Wewe ulimbembelezaje?"

"Sikumbembeleza. Tulikuwa tunakula."

Uso wa Rudy ulibadilika. Aliitazama fremu ya kaka yake, akamtazama Orrin, na Orrin akakitambua alichokiona machoni mwake, maana alikifuga mwenyewe kwa miaka mitatu. Rudy aliondoka kabla mpira haujaisha.

Orrin alimkuta Arlys akikunja nguo.

"Kwa nini ulimkatalia?"

"Nyumba yetu iliungua nikiwa na miaka tisa. Jiko la kuni. Mama alitutoa kupitia dirishani, sisi na paka." Akakunja shati lingine. "Duane alijua. Alisema nitazoea."

"Na mimi je?"

"Wewe huombi kitu, Orrin. Unaishi humu kama mgeni wa hoteli, hata kiti unauliza kabla hujasogeza. Siku ulipoomba, nikaona bora niogope."

Orrin alisema tu kwamba anaweza kuacha. Arlys akamwambia asimfanye aogope bure, akamalize kazi.

Meko ilijengwa ndani ya fremu ya Duane, kwa mawe ya ufukweni aliyochagua Orrin. Siku ya kuwasha ilianguka theluji. Rudy alikuja, amechelewa, akasimama karibu na ngazi, mikono mfukoni. Arlys alikaa ngazi ya mwisho amevaa koti lake la nje na viatu.

"Duane angeongeza kuni," Rudy akasema.

"Basi angemtisha," Orrin akajibu.

Aliweka vijiti vitatu tu. Moto ulipokamata na moshi kupanda sawasawa, alisogeza wavu wa chuma wa kuzuia cheche mbele yake, akaenda kukaa kwenye ngazi, bega kwa bega na mkewe. Kidogo kidogo Arlys akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja, kisha akasita, kisha kingine.