Vyura wa Kogo

Mafua yamenishika tena, na nimechemsha majani ya blugamu, yaani mkaratusi. Najifunika blanketi, navuta mvuke, na harufu yake inanirudisha utotoni, kijijini Kapseret, hata kama sijaiomba.

Mwalimu alitugawia miche ya blugamu, kila mtoto mmoja, akasema tuipande kwenye kinamasi kwa sababu ile ardhi ilikuwa imekaa bure. Wangu niliupanda pale kinamasini, upande wa chini wa shamba la Kogo, nyanya yangu. Kila jioni niliuchotea maji ya kinamasi hicho hicho kwa mkebe. Ukapita yote kwa urefu, nikapigiwa makofi kwenye paredi ya shule.

Kogo hakufuata kalenda. Alipanda mahindi siku vyura wa kinamasi walipoanza kulia.

Mwaka ambao mti wangu ulipita paa la nyumba, mvua ya kwanza ilinyesha na majirani wakapanda. Kogo alikaa mlangoni, debe la mbegu miguuni.

"Kogo, watu wanapanda."

"Wacha wapande. Vyura hawajasema."

Mvua ya pili ikaja, ikapita. Nilishuka kinamasini kuangalia. Chini ya ile miti yetu udongo ulikuwa mgumu kama barabara, umefunikwa na majani makavu. Maji hayakuwepo, wala chura wa kusema.

Nikarudi polepole.

"Umesikia kitu?" akaniuliza.

"Labda kesho, Kogo."

Akanitoa jani la blugamu lililonasa kwenye nywele, akalitupa, akaendelea kungoja.