Mchumba wa Ng'ambo ya Ruaha

Bibi yangu mzaa baba aliposema anataka kutalii, tulidhani amekosea neno. Ni mwanamke wa milimani, huko juu nyuma ya Kilosa, mwenye shamba la maharage na mahali pake maalumu pa kukaa kanisani, na tangu nimfahamu hajawahi kwenda popote bila shughuli. Akiteremka mjini, ni kliniki. Akienda kwa jirani, ni msiba au anafuata mbegu. Sasa alikuwa amekaa sebuleni kwetu mjini, mtaa wa Mabwerebwere, siku ya pili tangu afike, anamweleza mke wangu kwamba wazungu wanapanda ndege kuja kuitazama nchi hii, na yeye aliyezaliwa humu hajaiona.

"Unataka kuona nini, bibi?" nikamuuliza.

"Wanyama wa Mikumi. Halafu Mto Ruaha."

"Ruaha kuna nini?"

"Kuna maji. Mume wangu, wewe si ndiye mwalimu wa jiografia?"

Ananiita mume wangu, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, na mke wangu ni mke mwenzake. Mke wangu, binti wa Kilangali, hakuchelewa kuujua mchezo huo. Yeye humwita bi mkubwa, na siku za sikukuu humsogezea paja la kuku akisema zamu hii ni yake.

Jumamosi niliazima Noah ya mwalimu mwenzangu. Bibi akatoka chumbani na gauni jipya la kitenge, kilemba kilichofungwa kwa makini, na viatu ambavyo nilikuwa nimeviona mara moja tu, kwenye harusi ya shangazi yangu. Alikuwa ananukia mafuta ya mke wangu.

"Bi mkubwa, tembo wa Mikumi wana bahati leo," mke wangu akasema.

"Wewe mwangalie tembo wako aliyeshika usukani," Bibi akamjibu.

Nilikuwa nimejiandaa kweli kweli. Nilikuwa na daftari. Tangu tunatoka mjini niliwaeleza kila kilima na kila kijito, udongo wake na unakotoka, mpaka nikaona kwenye kioo kwamba abiria wangu wote wawili wamefumba macho. Walizinduka tulipopita kijiji cha Ulaya. Bibi akaomba nisimamishe gari, akashuka, akasimama kidogo kando ya barabara, akapanda tena. Akasema sasa akirudi atawaambia kinamama wa kanisani kwamba amekanyaga Ulaya, na atakuwa hajasema uongo.

Mbugani tulipewa kijana wa kutuongoza, mpole, mwenye sauti ya kutangaza. Alituonyesha twiga, nyumbu, viboko walioonekana masikio tu. Kisha akanong'ona tusimame. Tembo saba walikuwa wanavuka mbele yetu, na mtoto wao katikati.

"Wengine hukaa siku tatu bila kuwaona hivi," akasema.

"Kwetu Kilangali hatuwafuati," mke wangu akasema. "Wanakuja wenyewe. Yule wa nyuma nadhani ndiye aliyemaliza mahindi ya mama."

Kijana akacheka, lakini alikuwa anamtazama Bibi, akingoja kuona mshangao wa mgeni wake mkubwa. Bibi aliwatazama tembo kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Wakubwa," akasema. "Haya, twende Ruaha."

Simba tulikuwa hatujamwona bado. Kijana alijaribu kumshawishi, akamwahidi mahali wanapolala. Bibi akamshukuru, akamwombea heri, akaniambia nigeuze gari.

Tulipita Mikumi mjini, tukashika barabara ya Iringa nyuma ya malori yanayopanda kwa kukohoa. Milima ikatubana pande zote, halafu tukaanza kuteremka, na bonde likafunguka: joto, mibuyu mitupu kwenye miteremko, na chini yake ukanda wa kijani wa bustani za vitunguu. Nikafungua daftari tena. Niliwaambia kwamba mto ule ndio mpaka, huku Morogoro na kule Iringa, lakini Wasagara wako pande zote, lugha moja na koo zile zile, na kwamba jambo hilo linawavutia sana wataalamu.

Hakuna aliyevutiwa. Bibi alikuwa ameinama mbele, anajitazama kwenye kioo changu.

"Bi mkubwa," mke wangu akasema polepole, "huo wanja umepaka saa ngapi?"

Bibi akanigeukia mimi. "Mume wangu, tukishavuka daraja punguza mwendo. Kuna mtu nataka umwulizie." Akataja jina la mwanamume.

Nikasimamisha gari kabla ya daraja. Hapo ndipo alipotueleza, akitazama maji na si sisi. Alizaliwa juu ya milima ile tuliyoiona upande wa Morogoro. Alipokuwa msichana aliteremka na mama yake kila msimu, wamebeba maharage, kuja kubadilishana na watu wa ng'ambo. Kijana mmoja wa ng'ambo alikuwa akiwavusha wakati maji yamejaa. Akapeleka posa. Baba yake Bibi, aliyekuwa mwalimu wa kanisa na mtu wa msimamo, akakataa. Alisema bintiye hawezi kuolewa mbali, ng'ambo ya mto.

"Halafu akaniozesha Kilosa," Bibi akasema. "Mwendo wa siku tatu. Huku ningetoka asubuhi, mchana nakula kwa mama."

Mke wangu alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio. Mimi nilikaa na daftari langu mapajani. Babu yangu, aliyelala makaburini kule juu, nilimpenda sana, na kwa muda nilijisikia kama ninayeshiriki kumwibia. Kisha nikafikiri kwamba kama mwalimu yule wa kanisa angekubali, mimi nisingekuwepo kukasirika.

"Kwa nini hukusema, bibi?"

"Ningesema, ungenileta?"

Hatukuhangaika kumpata. Mama mmoja muuza vitunguu alituelekeza, na tukamkuta mzee amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake, anasuka vitunguu kwenye mafungu. Mimi na mke wangu tukampa shikamoo. Hakusikia. Tukarudia kwa nguvu, akaitikia marahaba huku akiendelea kusuka. Bibi akasogea, naye akamwamkia, akamwambia yeye ni nani, binti wa nani, wa mlima gani. Mzee akamtazama kwa muda mrefu kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Yule alikuwa mrefu zaidi," akasema.

Mkewe akatoka jikoni, mama mnene mwenye uso wa kucheka, mikono ina unga. Alipolisikia jina la mlima alisimama pale pale.

"Wewe ndiye?" akasema. "Karibu, mama! Nimekusikia tangu ndoa yetu changa. Kila chakula kikiungua naambiwa yule wa mlimani asingeunguza!"

"Kuungua?" Bibi akasema. "Muulize huyu mjukuu wangu ugali wangu."

Nikathibitisha, kwa heshima, kwamba ugali wa bibi yangu huwa na mkaa kidogo chini. Mama yule akapiga makofi, akaniomba nirudie kwa sauti ili mumewe asikie. Nikarudia. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea taarifa ya kuhuzunisha.

Tulikula kwao mchana ule. Wanawake wawili walikaa mkeka mmoja wakasema kwa lugha yao, na ile habari ya koo zile zile niliyoisoma daftarini ikawa ndiyo mazungumzo: fulani ni shangazi wa fulani, kumbe tumezikana. Mzee aliendelea kusuka vitunguu vyake. Tulipoinuka kuaga, aliingia ndani taratibu, akatoka na fungu kubwa la vitunguu, akalipita gari, akampa Bibi mkononi. Bibi akalipokea kwa mikono yote miwili, akapiga goti kidogo. Nilitazama pembeni.

Njiani kurudi, mke wangu alivumilia mpaka tulipolivuka daraja.

"Bi mkubwa, unajuta?"

Bibi alifikiri. "Yule hasikii kitu," akasema. "Ningezeeka napiga kelele." Kisha akavua viatu, akalala.

Sasa ana simu ndogo tuliyomnunulia, na anayempigia zaidi si sisi, ni yule mama wa Ruaha. Nikipanda kumsalimia mwisho wa mwezi nawakuta wanazungumza, nangoja nje wamalize. Wanazungumza Kisagara cha haraka, mimi naambulia jina langu tu, na kila likitajwa kicheko kinafuata.