Daraja la Kwanza na Mama Mkwe

Kazi yangu ni kutoamini watu, na nalipwa kwa hiyo. Gari likigongwa, na mwenyewe akaja ofisini kwetu katikati ya jiji kudai bima, mimi ndiye hutumwa gereji kuangalia kama bampa ilivunjika jinsi anavyosema. Mara nyingi haikuvunjika hivyo. Nimezoea kazi hii hadi imeniingia damuni, kiasi kwamba hata muuza ndizi akiniongezea moja ya bure, naigeuza kwanza nione upande wa pili.

Basi mke wangu aliponipigia simu kutoka Kanada na kuniambia ametupatia tiketi za kwenda kumwona, mimi na mama yake, na kwamba tungeketi daraja la kwanza, sikushangilia. Nilimuuliza, "Kwa nini?"

"Kwani ni vibaya?" akasema, akacheka kidogo.

Alikuwa na miaka mitatu kule akitunza wazee, kazi aliyoianzia hapa jijini, mtaa wa Lavington, kwa ajuza mmoja tajiri, na ninavyomjua, ni mtu asiyetupa hata kifuniko cha chupa. Mtu wa namna hiyo hakati tiketi ya daraja la kwanza. Hukata ya nyuma kabisa, karibu na choo, halafu anakuambia ujibebee chapati zako.

Kisha yakaja masharti. Nivae suti. Mama avae nguo ya kanisani. Jinzi marufuku, raba marufuku. "Ni heshima ya wanaokaa kule mbele," akaniambia. Nilimjibu kwamba nimeona picha za matajiri wakipanda ndege na suruali za kulalia, na hakuna aliyewafukuza. Akasema mtandao unasumbua, na simu ikakatika saa hiyo hiyo.

Mwenzangu wa meza ya jirani ofisini hakunionea huruma. "Wewe una shida gani, boss? Bibi anakutumia first class na bado unalia? Kula maisha, bana! Wengine wetu tunatumiwa tu voice note."

"Kuna kitu," nikamwambia.

"Kitu gani? Amekumiss, ni hivyo tu."

Nilitaka sana kumwamini. Lakini jioni hiyo nilipotembea kutoka kituo cha Adams Arcade hadi nyumbani nilikuwa nikihesabu makosa ya hadithi kama nilivyozoea, na yote yalielekea upande mmoja. Sitaki kulizungusha. Niliogopa kwamba nimeshaachwa, na kwamba mimi ndiye wa mwisho kuambiwa.

Halafu kulikuwa na suala la mama mkwe mwenyewe. Sisi ni Waluhya, na kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamsalimiani kwa mkono, hamli meza moja, hamlali chini ya paa moja, na kumwona mwenzako amejinyoosha kitandani ni aibu ya kutafutiwa mbuzi wa kuitakasa. Wengi wa mjini wameyaacha hayo. Mama mkwe hajayaacha, na mimi sijathubutu kuwa wa kwanza. Anaishi Kinoo kwa mtoto wake wa mwisho, ambako ana kibanda cha maharage na ndengu, na nikienda kumwona huwa naketi karibu na mlango. Akitaka kuniuliza kitu anamuuliza shemeji yangu, na shemeji ananiuliza mimi, ingawa sote watatu tunasikia.

Nilitegemea akatae safari hiyo. Mwanamke wa aina yake, apande ndege na mkwe, wakae pamoja mchana kutwa? Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kumpa pole mke wangu. Lakini shemeji alinipigia kusema mama amekubali, tena bila ubishi, na tayari ameshona gauni. Hilo lilinitisha kuliko tiketi. Nikaamini kwamba mama na binti wana lao, na mimi ndiye mzigo unaosafirishwa.

Siku ya safari nilimfuata Kinoo na teksi. Nilikaa mbele na dereva, yeye akakaa nyuma, kiondo mapajani. Dereva alitaka kukiweka kwenye buti, akakataliwa. Tulishika Waiyaki Way, tukapanda barabara ya juu, na hadi uwanja wa ndege hakuna aliyesema neno isipokuwa redio. Nilimwangalia mara mbili tatu kwenye kioo cha dereva. Alikuwa anatazama nje, uso umekazwa, kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani.

Msichana wa kukagua tiketi alitazama kompyuta yake, akatutazama sisi, akaitazama tena kompyuta. "Nyinyi ni jamaa za mfanyakazi wetu?" akauliza.

Sikuelewa swali lile. Lakini nimeona watu wakirudishwa nyumbani na masanduku yao kwa kujibu vibaya, kwa hiyo nikasema haraka, "Ndiyo." Mama mkwe akageuka akanitazama usoni, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akaangalia kando. Msichana akatabasamu na kututakia safari njema.

Hadi Uarabuni tulikaa mbalimbali, na nikapumua. Ni kwenye ndege ya pili, ile ndefu ya kwenda Kanada, ndipo mambo yalipoharibika. Kule mbele hakuna viti kama unavyovijua. Kuna vijumba. Kila abiria ana mlango wake mdogo, taa yake, televisheni yake na kiti kinachogeuka kitanda. Changu na chake vilikuwa vya katikati, vimeshikana, ukuta mwembamba kati yetu. Mhudumu alikuja akiwa na furaha tele, akabonyeza mahali, na ukuta ukazama polepole hadi ukaisha. Akatueleza kwa fahari kwamba viti vyote viwili vikilazwa vinakuwa kitanda kimoja kikubwa.

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Mimi nilisimama. "Rudisha ukuta!" nikamwambia yule msichana kwa Kiingereza, kwa sauti iliyofanya mzee mmoja wa Kizungu achungulie nje ya kijumba chake. "Rudisha sasa hivi!" Aliurudisha, masikini, huku akiomba radhi bila kujua kosa lake. Viti vingine vilikuwa vimejaa. Akatuletea nguo za kulalia zilizokunjwa vizuri, na kila mmoja wetu akaziweka kando. Nilijua mimi sitalala, na nilijua yeye pia hatalala, hata tuvuke bahari mara tatu.

Ndipo chakula kikaanza. Walileta mayai meusi ya samaki kwenye kibakuli cha kioo. Niliyanusa, nikayageuza kwa kijiko, nikaonja moja, nikamaliza yote. Wakaleta kamba wakubwa, nyama ya kondoo, jibini za kila rangi, aiskrimu. Sikuamini hata sahani moja, lakini zote nilizikomba. Na kila mara, upande wa pili wa ukuta, nilisikia mama mkwe akisema Kiingereza chake chote: "No, thank you. No, thank you."

Nikadhani ni kwa sababu yangu, kwa kuwa hatuli pamoja. Nikamwita mhudumu, nikamwomba amsubiri mama hadi mimi nimalize, ndipo ampelekee chake. Akafanya hivyo. "No, thank you." Kisha nikasikia karatasi ikifunguliwa, na harufu ya viazi vitamu vya kuchemsha ikapita juu ya ukuta ikaenea kwa matajiri wote. Niliona aibu, na nilikasirika. Halafu, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikatazama sahani zangu tupu nikajiuliza: huyu mama anajua nini kuhusu chakula hiki ambacho mimi sijui?

Walifunga madirisha ili watu walale, ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Pakawa giza. Nilikaa wima, tumbo limejaa, nikimsikia na yeye amekaa wima. Mwishoni nikashindwa kujizuia.

"Mama," nikasema kupitia ukutani.

Nilisikia akikunja karatasi yake ya viazi.

"Mama, kama huli kwa sababu yangu, nitaomba wanihamishe nyuma."

"Si kwa sababu yako, Baba," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza anijibu moja kwa moja. "Hii chakula iko na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Nilisikia akisogea karibu na ukuta. "Umeniuliza, na mimi siwezi kukudanganya. Kuna mwanaume huko. Anafanya kazi kwa hawa watu wa ndege. Tiketi ni yake, wanapewa ya jamaa zao. Hapa tumeandikwa sisi ni watu wake."

Niliwasha taa yangu, nikaizima tena.

"Sasa mama ya msichana akikula ya mwanaume, amemkubali," akaendelea. "Mimi nilikula ya kwenu. Wazee wako walikuja, nikapewa kuku, nikakula wakiniangalia. Hiyo ndio nilikula. Sikuli ingine."

"Mimi nimekula!" nikasema. "Mama, mimi nimekula kila kitu!"

"Ulikuwa hujui."

"Na ndege yake je? Si umepanda?"

"Sina miguu ya kufika huko."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tukiwa nyumbani. Akasema binti yake alitaka anieleze yeye tukiwa hewani, ili nikifika niwe nimekasirika nikamaliza. Alikataa. "Nikamwambia, huyu mtu alikuchukua mbele yangu. Kama ni kumwacha, utamwacha mbele yangu, na mdomo yako mwenyewe. Hiyo ndio imenitoa Kinoo."

Bado nilitafuta mlango wa kutokea. Labda huyu mama ndiye hanitaki, kwa kuwa hatukujaliwa mtoto. Labda amesikia vibaya kwenye simu. Nilikichunguza kisa chake jinsi ninavyochunguza gari lililogongwa, nikitafuta mahali rangi haifanani. Suti. Jinzi marufuku, bila shaka sharti la wanaosafiri kwa tiketi za jamaa za wafanyakazi. Swali la msichana pale kaunta. Kila kipande kilikaa mahali pake, na mimi mwenyewe ndiye niliyesema "Ndiyo", mbele ya mama wa watu, kwamba mimi ni jamaa wa mwanamume aliyenichukulia mke.

Nilitamani kutapika, na sikuweza. Kilichokuwa tumboni kilikuwa kimetulia kwa raha zake. Niliwachukia wote, mke wangu, mwanamume huyo, mhudumu na tabasamu lake, na zaidi nilijichukia mimi kwa aiskrimu, maana niliomba niongezewe. Nikabonyeza kengele, nikarudisha nguo za kulalia na kile kimfuko cha manukato walichonipa. Mhudumu akauliza kama kuna kitu amekosea. Nikamwambia hapana, dada, wewe hujakosea.

Walipoleta chakula cha pili nilisema "No, thank you" kwa nguvu. Kisha mkono ulipita juu ya ukuta, umeshika nusu ya kiazi.

"Chukua," akasema. "Hii ni ya shamba yangu."

Kwetu mama mkwe hampi mkwe chakula mkononi. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakila kikiwa baridi, na machozi yalinitoka, mimi mtu mzima niliyevaa suti. Sidhani alinisikia, na kama alinisikia hakusema.

Tuliposhuka nilimsubiri, nikambebea kiondo. Tulipanga foleni ya pasipoti, yeye mbele, mimi nyuma kwa heshima. Njia nzima nilikuwa naomba kimoyomoyo kwamba milango ikifunguka nitamwona mke wangu akikimbia kuja kwetu, na kwamba mama atageuka na kusema amechanganya mambo.

Alikuwa amesimama peke yake kwenye kizuizi, amenenepa kidogo, amependeza, koti jipya. Hakukimbia. Alitupungia mkono kama mtu anayesimamisha gari asilo na hakika nalo. Tulipofika karibu akamkumbatia mama yake kwanza. Mama alikumbatiwa, mikono yake ikiwa chini.

"Karibuni," mke wangu akasema. Alinitazama kidogo, akatazama suti yangu. "Mmefika salama? Mmekula?"

"Mimi sijakula, na nyumba ya huyo mtu sitakula," mama mkwe akasema, palepale, watu wakipita na masanduku. "Huyu alikula kwa sababu alikuwa hajui. Sasa anajua. Haya, sema yako."

Nilimtazama mke wangu machoni nikingoja aseme mama amekosea. Angesema hivyo ningemwamini papo hapo, bila kuuliza swali hata moja.

"Pole," akasema. Halafu akaniita kwa jina langu. Tangu tuoane hakuwahi kuniita kwa jina. Siku zote nilikuwa mzee wake.