Bwana Matuta Apata Jina

Mwana wa pili wa mama Rwamba, fundi wa pikipiki hapo mjini Runyenjes, alifika miaka thelathini na tisa akitumia jina la kuazima. Desturi ya Waembu inajulikana: mvulana wa kwanza hupewa jina la babake baba, wa pili jina la babake mama. Wa kwanza akaitwa Njeru, mambo safi. Kwa wa pili ndipo palipokwama, maana babake Rwamba alikuwa mzungu aliyeenda zake mwaka wa 1957. Alimwachia binti macho ya kijivu, na mtoto habatizwi macho.

Mjomba wake Rwamba, mzee Muchangi, akakubali mtoto atumie jina lake kwa muda. Tangu hapo amekuwa akiletewa jogoo kila Krismasi kwa kazi ngumu ya kuwa wajina.

Sasa kijana anaoa, na Jumapili matangazo ya ndoa yangesomwa kanisani. Rwamba alitaka lisomwe jina la haki la mwanawe. Lakini mzungu yule kila mtu alimjua kama Bwana Matuta, afisa wa kilimo aliyewakurupusha watu vitandani wakachimbe matuta. Akaenda kwa Joyline, mwenye saiba, duka la intaneti la sokoni, naye akaliandika hivyo hivyo kwenye kompyuta. Ikamletea picha za matuta ya viazi vitamu.

"Shosho, kwao hakuandikwa kwa jina la utani," Joyline alimwambia bibi huyo. "Hakuna karatasi yoyote aliyotia sahihi?"

Rwamba akapanda kwa mjomba. Mzee akainua godoro, akatoa kibali cha kupanda mikahawa mia moja, kimefungwa kwa mfuko wa unga. Mikahawa iling'olewa zamani, siku hizi pamesimama miti ya makadamia, lakini mkulima wa kahawa hatupi karatasi. Chini, penye sahihi ya afisa wa kilimo, palipigwa chapa: Dermot Hanratty.

"Mjomba, miaka yote hii umemlalia baba yangu?"

"Wewe uliuliza habari za mzungu. Za kahawa hukuuliza." Akakohoa kidogo. "Na jogoo wangu je?"

Kazi ilimchukua Joyline siku mbili. Orodha ya abiria wa meli ya Mombasa ilimtaja Hanratty, afisa wa kilimo, kwao Monaghan, Ireland. Vitabu vya Ireland, ambavyo wenyewe wameviweka mtandaoni bure, vikasema alizaliwa 1922, mvulana wa pili. Kaka yake alikuwa Patrick, kama babake baba. Na cheti cha ndoa ya wazazi wao kilimtaja babake bibi harusi: Dermot Rooney, mkulima.

"Hebu rudia," Rwamba alisema. "Wa kwanza, babake baba. Wa pili, babake mama?"

"Ndivyo, shosho."

Rwamba akavua miwani, akaifuta kwa leso muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Maisha yake yote aliambiwa babake alikuwa mtu asiye na desturi.

"Kumbe ni Waembu tu," alisema. "Wa kule kwenye baridi."

Jumapili padri alisoma "Dermot", akameza mate, akasoma tena vizuri zaidi. Mzee Muchangi aliketi mbele, ameshaahidiwa jogoo wawili, mmoja wa jina na mmoja wa godoro. Baada ya misa Rwamba alipeleka sadaka ya shukrani, na karatasi ya majina ya kuombewa: Joyline, Muchangi, mamake, Dermot Hanratty, Dermot Rooney.

"Huyu wa mwisho ni nani wako?" padri akauliza.

"Simjui, Fada. Lakini jina la mwanangu limetoka kwake."