Uzi wa Makohozi

Jamani, leo nimepigwa ngumi ya mdomo kwa sababu ya makohozi.

Mkono mmoja umeshika barafu, kwa hiyo msinicheke barua pepe hii ikijaa makosa.

Asubuhi jamaa mmoja kaleta mkewe anayekohoa hapa maabara, mtaani Mirongo. Wamekuja na mama mkwe wa jamaa, macho mekundu kabisa. Mama na binti wanabanika mapanki, ile mifupa ya sangara, kwa moshi wa kuni mbichi kutwa nzima.

Mke akakohoa kwenye kikopo. Nikachovya kijiti, makohozi yakavutika kama uzi mrefu.

Jamaa akaruka. "Ndio uzi mama huyu aliomrogea mke wangu! Mtazameni macho mekundu, ya kichawi hayo!"

Akamkaba mama wa watu koo, akambamiza ukutani.

Nikaingilia, huku nafundisha, mjinga mimi: "Huo uzi ni protini yenye vitawi vya sukari, kama brashi ya chupa! Moshi umevibadilisha, ndiyo maana uzi unanata!"

(Kuna mwenzangu hapo alishafundisha kemia huku anabandua vidole vya mtu shingoni?)

Ngumi. Jino likaondoka.

Nikatema. Damu na ute vikaning'inia kidevuni, uzi ule ule.

Jamaa akashusha mkono. "Daktari, na wewe amekuroga?"

Hapo nikapandwa na hasira. "Kila mtu ana huo uzi! Sema, kuni mbichi za kubanikia samaki analeta nani?"



Mama mkwe alikuwa sakafuni, anatafuta pumzi. Mke ndiye aliyejibu, sauti inakwaruza, kidole kwa mumewe:

"Yeye."